Siku Kumi na Mbili

Jina lake nililikuta limevaa nguo tatu:
Okterloni katika daftari la meli,
Aktaloni kwa karani wa mahakama,
na kwenye deni la chumvi na misumari
"Loni, yule Mskoti", basi,
kama mtu anayeita mbwa wa jirani.

Mama alikuwa na hakika:
mzee wetu wa kwanza alivuka na upanga,
nyuma yake ukoo wenye ngome.
Aliyasema hayo akimenya viazi, jikoni, Baltimore,
nasi watoto tukaketi wima zaidi.

Ngome sikuipata.
Nilimpata Ninian, mfumaji wa kitani kutoka Arbroath,
miaka kumi na tisa, sahihi yake msalaba,
aliyeuza miaka saba ya mwili wake
kwa nauli ya wiki tisa baharini,
na nahodha akaiuza tena bandarini Annapolis
pamoja na vyungu.

Halafu makaratasi yakanyamaza.

Kipupwe kizima nilikwenda, Jumanne kwa Jumanne,
penseli tu, wino ni marufuku,
Bi Delphine wa nyaraka akinisukumia mikebe ya filamu
bila kuniuliza tena ninamtaka nani.

Hadi gazeti la Juni, 1744:

*AMEMTOROKA mwenye sahihi hapa chini
mtumishi Mskoti, Ninian, mwembamba,
kovu kidevuni, bega la kushoto limeshuka
kwa kukaa sana kwenye kitanda cha mfumi.
Kiingereza chake hakishikiki.
Akiulizwa jambo, huangalia viatu.
Amechukua koti la buluu lisilo lake, na nusu mkate.
Atakayemrudisha atapata pauni mbili.
Peregrine Tilden.*

Nilicheka peke yangu. Kisha nikajishika bega.

Hakuna aliyempenda aliyetuachia sura yake.
Aliyemtazama vizuri ni aliyemdai.
Na kuangalia viatu, hilo ninalijua:
hivyo ndivyo kaka yangu Royce alivyosimama
siku tuliyomzika Mama.

Walimrudisha. Mahakama ikamwongezea
siku kumi kwa kila siku aliyokuwa huru.
Alikuwa huru siku kumi na mbili.

Ningeishia hapo.
Bi Delphine alishazima taa za upande ule,
nilishavaa mkono mmoja wa koti.
Lakini kidole kilikwishazoea gurudumu,
kikazungusha, kikazungusha,
miaka ikapita kama mvua ya pembeni.

1771. Gazeti lilelile, safu ileile:

*AMEMTOROKA mwenye sahihi hapa chini
mwanamke mweusi, jina lake Sukey, mrefu,
kovu la moto mkono wa kulia.
Husema polepole, na hatazami mtu usoni.
Amechukua blanketi, na mtoto wake wa miezi mitatu.
Atakayewarudisha atapata pauni mbili.
Ninian Auchterlonie.*

Jina zima, kwa mara ya kwanza bila kosa.
Nikazihesabu herufi. Kumi na mbili.

Aisifuye mvua imemnyea.
Huyu iliyomnyea aliikinga kwenye ndoo,
akaihifadhi miaka ishirini na saba,
akammwagia mwenzake.

Tangu hapo simtafuti tena yeye.
Namtafuta Sukey: katika vitabu vya jela,
hati za mnada, orodha za urithi,
baina ya birika na ng'ombe,
huko walikokuwa wakiwaandika watu.
Hayupo. Wala mtoto.
Sikuwahi kudhani nitashukuru karatasi tupu,
ila ninaogopa pia kushukuru,
maana mito ya Maryland nayo haina daftari.

Jumapili, mezani kwa Royce, wote wamekuja,
wajukuu wameniwekea kiti cha kichwani.
Basi, wakasema, tuambie,
alikuwa mtu wa namna gani?

Nikaangalia viatu.